Mtumbwi wa Darini

Katika nyumba nyingi za nchi yetu dari ni mahali pa vitu ambavyo mwenye nyumba hana haja navyo leo, wala hana moyo wa kuvitupa. Huko juu hukaa mikeka iliyochakaa, majembe yasiyo na mipini, masanduku ya marehemu, na mbegu za mwaka ujao. Vya kutupwa na vya kutumainiwa hulala pamoja gizani, na si rahisi kwa mtu aliye chini kujua kipi ni kipi. Nyumba ya babu yangu katika mji wa Kilosa ilikuwa na vitu hivyo vyote, na zaidi ya hivyo ilikuwa na kitu kimoja ambacho sikupata kukiona katika nyumba nyingine yoyote ya mji ule. Kitu hicho kilikuwa mtumbwi.

Kilosa si mji wa pwani, wala si mji wa ziwa. Umekaa chini ya milima, kwenye Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam katika mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma katika mwaka 1914. Maji yake ni ya Mto Mkondoa, na katika kiangazi mto huo huwa mpole kiasi cha mtoto wa shule kuuvuka na viatu vyake mkononi bila hofu. Katika mji wa namna hii mtu mwenye mtumbwi huonekana kama mtu aliyevaa koti la sufu jangwani. Watu humtazama, humsalimu kwa adabu, na akishapita hucheka.

Babu alizaliwa katika bonde la Kilombero, miongoni mwa Wandamba, watu ambao mtumbwi kwao si chombo cha uvuvi tu, ni mguu wa pili. Alikuja Kilosa kufanya kazi katika genge la reli, na lile tawi la reli litokalo Kilosa kwenda Kidatu kupitia Mikumi, lililojengwa katika miaka ya 1960, ndilo lililomletea mtumbwi wake. Alikuwa akitusimulia kwamba uliletwa katika behewa la mizigo, ukapita kando ya nyika ya Mikumi, nchi ya tembo na nyumbu, na ya ile mikumi mirefu iliyoipa jina lake, na kwamba abiria mmoja alimwuliza kama alikuwa anakwenda kuvua samaki mawinguni. Babu alimjibu kwamba mtu hahami akauacha mguu wake nyuma.

Mtumbwi wenyewe ulikuwa mdogo. Urefu wake haukuzidi pima mbili, ukachongwa katika gogo moja la mvule, na wanaume wanne waliweza kuubeba bila kutoa kelele. Uani hapakuwa na nafasi, kwa kuwa ua ulikuwa wa kuku na wa kuanikia mpunga. Tena mti ukilala juu ya udongo, mchwa hauombi ruhusa. Kwa hiyo babu aliupandisha juu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na miti, imeezekwa kwa nyasi, na boriti zake nene zilikatiza kutoka ukuta mpaka ukuta. Hakuufunga kwenye makombamoyo, kwa sababu, alisema, kombamoyo limekwisha pewa kazi ya kubeba paa, na mtumishi hapewi mabwana wawili. Aliufunga kwenye boriti, kwa kamba nene za katani kutoka mashamba ya Kimamba, mahali pawili tu, kila mahali robo ya urefu kutoka ncha yake, ili uzito ugawanyike na mgongo usipinde. Tena aliupindua, mgongo juu na mdomo chini, ili panya wasiufanye nyumba na vumbi lisiufanye shimo la taka.

Kila mwaka, mvua za vuli zilipokaribia, mtumbwi ulishushwa. Hii ndiyo sikukuu ninayoikumbuka kuliko sikukuu zote za utoto wangu. Vijana wa jirani waliitwa, kamba zililegezwa kidogo kidogo, na mnyama yule mrefu mweusi aliteremka kutoka gizani polepole, akinuka moshi wa jikoni. Babu aliupitisha mkono toka omo hata tezi, kama mtu apapasaye ng'ombe anayetaka kumnunua. Baadaye aliulaza kivulini, akaujaza maji, akauacha siku tatu unywe. Ulipokwisha kunywa na kukauka kiasi, aliupaka mafuta. Nilipofika pwani nikiwa mtu mzima, nikawaona mabaharia wakipaka vyombo vyao sifa kwa juu na deheni kwa chini, nilitambua kwamba yale niliyoyadhani kuwa mazoea ya mzee mmoja ni elimu ya watu wengi. Hapo ndipo nilipoelewa pia sababu yake. Mti uliokatwa haufi mara moja. Huendelea kupumua maji kwa miaka mingi, ukivimba na kunywea. Na ukinywea kwa haraka, upande mmoja mbele ya mwingine, hupasuka, na kwa kawaida ufa huanzia nchani, ambako maji hutoka upesi zaidi.

Jirani yetu mmoja, Msagara, mzee aliyejifanya mtani wetu, hakukosa hata mwaka mmoja katika sikukuu hiyo. Alikuja na kiti chake, akaketi, akacheka. "Ndugu yangu," alimwambia babu, "Nuhu aliambiwa na Mungu. Wewe umeambiwa na nani?" Babu alijibu, "Nimeambiwa na reli."

Jibu lile tulilidhania kuwa mzaha, kumbe lilikuwa ushahidi. Mtu wa genge la reli huona yale ambayo abiria hayaoni. Babu alikuwa ameona mara nyingi tuta la reli likiliwa na maji katika bonde la Mkondoa, mataruma yakining'inia hewani kama ngazi iliyolazwa, na alijua kwamba mto ule hauanzii Kilosa. Hukusanya maji ya milimani na ya nchi kavu za Mpwapwa na Dodoma, ambako mvua ikianguka juu ya ardhi iliyovuliwa miti, hakuna kitu cha kuishika. Maji hushuka na mchanga, na mchanga hutua pale mto unapoiacha milima na kuingia tambarare, yaani pale pale ulipo mji wetu. Mwaka baada ya mwaka sakafu ya mto huinuka. Tuta la kuukinga mji, lililojengwa zama za ukoloni, lilibaki kimo kile kile, na mahali pengine lilipungua, kwa kuwa watu walilima juu yake na mifugo ilipita. Ukuta usioinuka mbele ya mto unaoinuka ni ahadi inayopungua kila siku, ingawa hakuna aliyeitangua.

Babu alifariki katika mwaka 1991. Mtumbwi ulibaki juu, na kwa miaka michache shangazi yangu, binti yake mkubwa, aliwakusanya vijana na kuushusha kwa wakati wake. Mimi nilikuwa nimepata kazi Mikumi, na kama ilivyo desturi ya mtoto aliyepata mshahara, nilitaka mshahara ule uonekane nyumbani. Katika mwaka 1996 niliivua nyumba ile nyasi zake, nikaivika bati. Kisha, kwa kuwa bati lililo wazi huonekana kama kazi iliyoachwa njiani, nikapigilia dari ya mbao nyembamba iliyopakwa rangi nyeupe. Mafundi waliniuliza wafanye nini na mtumbwi. Niliwaambia wauache ulipo na kupigilia chini yake.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Yeye aliniita "baba", kwa sababu nimepewa jina la babu. "Baba," alisema, "mtumbwi wa mzee usiufungie. Mtaushusha vipi?" Nilimjibu kwa upole ambao leo naufahamu kuwa kiburi. Nilisema, "Shangazi, huko juu ndiko mahali salama zaidi. Hautaguswa na mtu." Maneno haya yalikuwa kweli yote, na ndiyo yaliyouua. Kitu cha msaada kisichoguswa na mtu hakiko salama, kimeachwa tu.

Sikujua nilichokifanya. Chini ya nyasi dari ilikuwa na kivuli, ubaridi, na moshi uliowafukuza wadudu. Chini ya bati, adhuhuri, pale katikati ya bati na mbao, palikuwa tanuri. Usiku tanuri lilipoa, mchana likawaka tena, na mti ukatanuka na kunywea, ukatanuka na kunywea, kwa miaka kumi na mitatu, bila tone la maji na bila mkono wa mtu. Sisi tulioketi chini tuliitazama dari nyeupe, tukasifu weupe wake. Zawadi yangu kwa wazazi wangu ndiyo iliyokuwa ikiuvunja urithi wao, tena juu ya vichwa vyao.

Katika siku za mwisho za Desemba 2009 nilikuwa nimetoka Mikumi kuja kupumzika nyumbani. Nilipita njia ya Ulaya, kijiji cha wilaya yetu ambacho jina lake huwachekesha wageni, na nilifika nikiwa na furaha ya mtu anayekwenda kula mezani pa mama yake. Mkondoa ulikwisha kujaa. Maji yale hayakuwa yetu. Yalikuwa yamewanyeshea watu wengine, mbali. Usiku mama aliniamsha akasema, kwa sauti isiyo na haraka, "Mwanangu, viatu vyako vinaelea."

Tuta la mto lilikuwa limevunjika. Maji yalipanda kutoka kifundo cha mguu hata goti, na kutoka goti hata kiuno, katika muda ambao mtu angetumia kula na kunawa. Mama aliweza kutembea akishikwa mkono. Shangazi hakuweza, miguu yake ilikuwa na ugonjwa wa miaka mingi. Hakulia, wala hakunilaumu. Aliinua macho tu, akatazama dari.

Nilichukua shoka. Ile kazi nyeupe niliyoilipia kwa mishahara ya miezi niliivunja kwa dakika chache, na mbao zikatuangukia pamoja na vumbi na mavi ya popo. Kamba za katani zilikuwa zimeliwa na panya. Moja ilikatika nilipoigusa, na mtumbwi ukashuka kwa ncha moja, nusura unipige kichwani. Vijana wawili wa jirani walikuja kusaidia. Tuliuweka juu ya maji, nikaumulika kwa kurunzi, na ndani yake nikaona maji yakiingia. Toka tezi mpaka karibu na katikati palikuwa na ufa mpana wa kidole.

Mama alichana kanga zake mbili. Tulitoa sufi ya mto wa kulalia, tukaisokota katika vipande vya kanga, tukaishindilia katika ufa kwa mpini wa kijiko. Hiyo ndiyo kalafati yetu. Shangazi alipakiwa, akapewa sufuria, na sisi tukausukuma mtumbwi kwa mikono, tukitembea katika maji ya kifua, kuelekea tuta la reli lililokuwa juu zaidi. Shangazi aliyafua maji njia nzima bila kusimama, mwanamke wa miaka sabini asiyeweza kusimama. Hatukufika. Hatua zipatazo thelathini kabla ya reli kalafati ilitoka, mtumbwi ukanywa maji yote ambayo nilikuwa nimeunyima kwa miaka kumi na mitatu, ukalala. Tulimbeba shangazi mabegani tukamfikisha. Aliokoka.

Nilipokuwa nimesimama juu ya reli nikitetemeka, nilisikia sauti kutoka gizani, upande wa nyumba zetu. Ilikuwa ya yule mzee mtani. Alikuwa amepandishwa juu ya bati la nyumba yake na wajukuu wake. Hakuwa na mzaha. Aliita jina la babu yangu, ambalo ni langu, akasema, "Leteni mtumbwi wenu!" Aliita mara tatu. Sikujibu, kwa kuwa sikuwa na la kumjibu.

Alikaa juu ya bati mpaka asubuhi, akashushwa akiwa hai. Lakini baridi ya usiku ule ilimwingia kifuani, na baada ya wiki sita tulimzika. Daktari alisema kwamba ni kichomi, na sina elimu ya kumpinga. Mimi najua tu kwamba aliomba kitu ambacho nyumba yetu ilikuwa nacho, akanyimwa na mtu aliyedhani amekihifadhi. Maelfu ya watu wa Kilosa walipoteza makazi yao katika mafuriko yale, reli kati ya Kilosa na Gulwe iliharibiwa vibaya, na safari za treni zilisimama kwa miezi kadhaa. Katika msiba mkubwa hivyo kosa la mtu mmoja ni dogo mno kuandikwa. Naliandika kwa sababu ni langu.

Maji yalipokauka niliuchimbua mtumbwi katika matope. Nilitengenezewa na seremala kwa kiraka cha bati na misumari ya shaba, nikauchukua kwenda Mikumi. Nilisema moyoni kwamba huko hakuna mto wa kuutisha. Niliutundika sebuleni, chini ya dari, kwa minyororo iliyong'arishwa, na wageni waliokuja kutazama wanyama wa ile hifadhi, iliyoanzishwa katika mwaka 1964, waliusifu. Mmoja alitaka kuununua. Nilijivuna, na katika kujivuna kule nilimkumbuka yule mfalme wa Misri, Khufu, ambaye jahazi lake lilifukuliwa kando ya piramidi katika mwaka 1954, likiwa vipande 1,224 vilivyopangwa katika shimo lililofunikwa kwa mawe mazito. Lilikaa humo zaidi ya miaka elfu nne bila kuoza, kwa sababu halikufikiwa na jua wala upepo. Hakuna chombo kilichohifadhiwa vizuri kuliko kile. Hata hivyo kilihifadhiwa kwa ajili ya maiti.

Fikira hiyo iliniondolea usingizi. Niliona kwamba nilikuwa nimelirudia kosa langu kwa namna ya kupendeza zaidi. Mara ya kwanza niliuficha mtumbwi nisiuone. Mara ya pili niliuweka mbele ya macho yangu, lakini mbali na maji yaliyouhitaji. Kusahau na kutukuza ni ndugu wawili, na wote hukiondoa kitu katika kazi yake. Shangazi, nilipomweleza, alisema neno moja tu: "Urudishe, baba."

Sasa uko Kilosa tena. Hauko ndani, uko nje, chini ya upenu mpana upande usiopigwa na jua la mchana, ambako upepo hupita na kila apitaye huuona. Boriti mbili zimepigwa kutoka ukutani hata nguzo kwa ajili yake peke yake. Badala ya kamba nyembamba zinazokata mti, umelala katika mikanda mipana iliyokatwa katika mipira ya magari. Kamba zake hupita katika kapi, ili mama, ambaye nguvu zake zimepungua, aweze kuushusha akisaidiwa na mtoto mmoja. Kafi na kata ya kufulia maji vimefungwa ndani yake, kwa maana mtu anayekimbia msiba hana wakati wa kutafuta kafi.

Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma katika mwaka 2024, hupita karibu nasi, juu ya madaraja na katika mahandaki ya milima, na abiria wake hawana habari na mto. Sisi tunayo. Mkondoa ungali unashuka na mchanga wake, na kiraka cha bati si dawa ya milima iliyovuliwa miti. Mtumbwi mmoja hauwezi kuwaokoa watu wa mji. Unaweza kubeba mtu mmoja asiyeweza kutembea, kisha ukarudi kumchukua wa pili. Usiku ule huo ndio uliokuwa wajibu wetu wote, nasi tuliutimiza nusu.

Kila mwaka, vuli ikikaribia, nasafiri kutoka Mikumi, na mtumbwi hushushwa, hunyweshwa, hupakwa mafuta. Watoto wa mtaa hushika kamba. Mmoja wao ni kitukuu wa yule mzee mtani, kijana mwenye midomo miepesi kama ya mzee wake. Mwaka jana aliniuliza, mbele ya wenzake, kama nasubiri bahari ihamie Kilosa. Wote walicheka, na mimi nilicheka nao. Nilimwambia acheke apendavyo, ila mikono yake isiiachie kamba.